Chura wa Matete na Hukumu Yake

Katika fiqhi ya vyakula chura hupitwa haraka. Sisi tunaofuata madhehebu ya Imam Shafi tunafundishwa kwamba haliwi, kwa sababu tabibu mmoja alimuuliza Mtume (s.a.w.) kuhusu kumtia chura katika dawa, naye akakataza kumuua. Hadithi hiyo imo katika Sunan Abi Dawud. Wanazuoni wa Maliki wao wameruhusu kumla. Baada ya hapo tunafunga daftari, bila kumjua anayezungumziwa.

Mimi nimemsoma mmoja tulio naye hapa Uganda, chura wa matete, Hyperolius viridiflavus kwa jina la kitaalamu. Urefu wake ni kama sentimita 3 tu. Ncha za vidole vyake ni bapa na hunata, ndiyo maana hupanda tete bila kuteleza. Rangi zake hubadilika toka sehemu hadi sehemu, kiasi kwamba wataalamu bado wanabishana kama huyu ni spishi moja au kundi la spishi. Usiku dume huvimbisha kifuko cha kooni na kuita kwa mlio mkali wa kama kengele ndogo. Madume mengi yakiita pamoja, kinamasi kizima hulia. Jike hutaga mayai majini, viluwiluwi hukulia humo humo.

Jamaa zake wa savana ya Afrika Magharibi wananishangaza zaidi. Wakati wa kiangazi hukaa juu ya majani makavu, juani, ngozi ikigeuka nyeupe ili kurudisha mwanga. Subhanallah, chura anayeota jua!

Turudi kwa huyu wetu. Ukijaza kinamasi kifusi, hakuna matete ya kuitia wala maji ya kutagia. Hapo ndipo swali la fiqhi linapoanza. Aliyemwaga kifusi hakumpiga chura hata mmoja. Lakini tumesoma tofauti ya mtendaji wa moja kwa moja na msababishaji, na tumesoma kuwa anayechimba shimo njiani bila haki huwajibika kwa atakayetumbukia. Mfano huo ni wa dhamana ya watu na mali, najua, na mimi si mufti. Hata hivyo naona kukataza kuua kunakuwa kwepesi mno kama kunaishia kwenye kisu.

Katiba ya Uganda ya mwaka 1995, ibara ya 237, inasema serikali inashikilia maziwa, mito na vinamasi kwa amana ya wananchi. Neno amana halihitaji kufasiriwa kwetu. Lakini kiwanja cha kinamasini huwa rahisi, na kamati ya msikiti huvutiwa na bei kama mnunuzi mwingine yeyote. Tukiombwa mchango wa kiwanja kama hicho, tuulize kwanza palikuwa na nini kabla ya kifusi, na nani alitoa ruhusa.