Mgeni ni Mtafiti: Adabu ya Kuhoji Hadharani Kitengela na Kajiado

1. Utangulizi

Mwanafunzi wa isimujamii anayekwenda uwandani aghalabu huwa amejiandaa kuhusu nadharia na sampuli, lakini si kuhusu sentensi yake ya kwanza. Makala hii inajadili adabu ya kumkabili mtu asiyefahamika hadharani na kumwuliza maswali ya kibinafsi. Hoja ya msingi ni kwamba adabu hiyo si pambo la utafiti, bali ndiyo inayoamua iwapo data ni ya kweli.

Wengi huiga utafiti ambao William Labov aliufanya madukani jijini New York mwaka 1962. Aliwauliza wahudumu mahali palipouzwa bidhaa fulani ili asikie matamshi yao ya /r/. Wahojiwa 264 hawakujua kwamba wanatafitiwa. Hata hivyo, Labov hakuuliza siri ya mtu. Anayetaka kujua umri, ndoa au mapato hana njia hiyo ya mkato.

2. Kitengela: Swali la Lugha

Kitengela ni mji ulio kando ya barabara ya Namanga, na wakazi wake wametoka pembe nyingi za Kenya. Kwa mwanaisimu, swali "Lugha yako ya kwanza ni ipi?" ni la kawaida. Kwa mama muuza mboga, hasa baada ya ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, swali hilo laweza kusikika kama "Wewe ni kabila gani?" Akijibu "Kiswahili" ili kujilinda, mtafiti huandika uongo alioualika mwenyewe.

Yafaa kuanza na lile linaloonekana na wote: "Mama, shikamoo. Naomba dakika chache, ukiwa na nafasi. Wateja wako huzungumza nawe kwa lugha gani?" Lugha ya nyumbani iulizwe baadaye, baada ya kueleza sababu. Mteja akija, mahojiano yasimame. Biashara ya mama ina haki kuliko hojaji.

3. Kajiado: Salamu na Hesabu

Mjini Kajiado na viungani mwake, mtafiti hukutana na wazee wa Kimaasai ambao kwao salamu ni mlango wa mazungumzo. Anayesema "Supa" na kungoja jibu, kisha akaulizia hali ya nyumbani, ameshajitambulisha nusu. Anayefungua daftari kabla ya kujibiwa huonekana amekuja kuchukua.

Maswali mawili ya kawaida katika hojaji huhitaji uangalifu zaidi: "Una watoto wangapi?" na "Una ng'ombe wangapi?" Katika mila ya Wamaasai, kuhesabu watu na mifugo kwa sauti ni jambo linaloepukwa kwa kuhofia mkosi. Mzee anayejibu "Wapo" hajakwepa swali. Amelijibu kwa mujibu wa adabu yake. Ikiwa idadi haihitajiki katika uchanganuzi, swali lifutwe.

4. Sheria na Ridhaa

Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inaorodhesha asili ya kikabila, afya, mali, hali ya ndoa na habari za familia miongoni mwa data nyeti. Kibali cha utafiti cha NACOSTI humruhusu mtafiti kuuliza. Hakimlazimishi yeyote kujibu. Ridhaa iombwe kwa lugha inayoeleweka, na neno "hapana" lipokewe kwa shukrani ile ile ya "ndiyo".

5. Hitimisho

Katika mahojiano ya hadharani, mgeni si mhojiwa bali ni mtafiti. Mgeni hubisha hodi, hungoja kukaribishwa, na huondoka akiaga. Hojaji iliyojazwa bila hodi huweza kuwa na majibu yote na isiwe na ukweli.

Zoezi

(a) Yapange upya maswali ya hojaji yako, ukianza na yasiyogusa faragha.
(b) Taja swali moja ambalo wewe mwenyewe usingependa kuulizwa sokoni, kisha ueleze sababu.