Kabla hujachuma, hakikisha kihamba chako hakiko Hispania

Masika yanaishia, buni zinajaa, na najua wiki hii mlitarajia niandike habari za ugonjwa wa chulebuni. Chulebuni itasubiri toleo lijalo. Kuna kazi nyingine ya shambani isiyohitaji dawa wala mkasi wa kupogolea, na ikifanywa ovyo inaweza kukukosesha soko hata kama buni zako ni nzima: kuchukua namba za mahali kihamba, yaani shamba lako la nyumbani, kilipo.

Kazi hii imeletwa na sheria ya Umoja wa Ulaya nambari 1115 ya mwaka 2023, ile mnayoisikia vyamani kwa jina la EUDR. Inahusu kahawa, kakao, mpira, mawese, soya, mbao na ng'ombe. Hakuna kinachoruhusiwa kuingia soko la Ulaya kama kimetoka kwenye ardhi iliyokuwa msitu ukafyekwa baada ya tarehe 31 Desemba 2020, au kama kimezalishwa kwa kuvunja sheria za nchi kilikotoka. Mwagizaji ndiye anayewasilisha taarifa ya kuthibitisha hayo yote, na taarifa hiyo lazima ionyeshe shamba liko wapi duniani.

Utekelezaji ulikuwa uanze mwisho wa 2024, ukasogezwa, kisha ukasogezwa tena. Kwa sasa kampuni kubwa na za kati zinaanza tarehe 30 Desemba 2026, na zile ndogo tarehe 30 Juni 2027. Wapo wanaosema tusubiri, itasogezwa mara ya tatu. Mimi sioni faida ya kusubiri, maana namba ya shamba ikishachukuliwa vizuri haiozi. Piga hesabu mwenyewe: buni utakayochuma kuanzia Julai, ikakaushwa, ikakobolewa, ikapita mnadani na kupakiwa melini, sehemu yake itafika Hamburg mwaka 2027. Msimu wenyewe ndio huu.

Utauliza, mbona Japani na Marekani wananunua kahawa yetu na hawadai haya? Kweli, sheria hii si yao. Lakini pale mnadani Moshi gunia halijui kama linakwenda Hamburg au Yokohama. Mnunuzi anayetaka kubaki na uhuru wa kuuza popote atachagua kahawa yenye namba. Tena ana sababu ya kuogopa: kwa kampuni, faini ya juu kabisa haitakiwi kuwa chini ya asilimia 4 ya mauzo yake ya mwaka huko Ulaya. Mtu wa namna hiyo hatakuonea huruma.

Sasa tuje kwenye namba zenyewe, maana hapa ndipo penye balaa.

Shamba lisilozidi hekta 4, yaani karibu ekari 10, linatosha kuwa na nukta moja: latitudo na longitudo, kila moja ikiwa na tarakimu 6 baada ya nukta ya desimali. Likizidi hapo, lazima uzunguke mipaka yote na kuchora umbo lake. Vihamba vyetu vingi ni vya nukta moja. Ila ukiwa na kihamba kimoja Kibosho na kingine Uru, hizo ni nukta 2, hata kama mwenye navyo ni wewe mmoja.

Chukua mfano wa Moshi mjini. Latitudo yake ni -3.35 hivi, longitudo 37.34. Ile alama ya kutoa ina maana tuko kusini mwa Ikweta. Karani akiisahau, kihamba kinahamia kaskazini mwa Kenya, upande wa North Horr, ukingoni mwa jangwa la Chalbi. Setilaiti ikitazama pale inaona mchanga. Akiikumbuka lakini akatanguliza longitudo mahali pa latitudo, kahawa yako inaota mkoa wa Granada, kusini mwa Hispania. Mnunuzi hatapiga simu kuuliza kilichotokea. Ataifuta hiyo safu na kuendelea na safu inayofuata.

Kosa la tatu ndilo baya zaidi kwa sababu halionekani upesi. Simu nyingine huonyesha digrii, dakika na sekunde badala ya desimali. Digrii 3 na dakika 21 kusini si -3.21, ni -3.35, kwa sababu dakika 60 ndizo hufanya digrii 1. Ukiandika -3.21 umelisogeza shamba zaidi ya kilomita 15 kaskazini, kupanda mlima. Mtu wa Moshi hahitaji kuambiwa kilomita 15 kwenda juu kuna nini. Kwa karatasi tu, umeshakuwa mkulima wa hifadhini.

Kukata desimali nako ni hatari. Ukibakiza 2, unaweza kukosea kwa zaidi ya nusu kilomita. Kwa jirani zetu wanaolima karibu na ukanda wa nusu maili, ule wa mpakani mwa msitu, nusu kilomita inatosha kumtoa mtu kwenye migomba yake na kumweka msituni.

Kwa hiyo chukua namba ukiwa umesimama ndani ya shamba, si barazani wala ofisi ya chama. Nimeonyeshwa orodha ambayo wanachama kadhaa walikuwa na namba ileile moja. Karani alizijaza zote akiwa kitini. Chini ya migomba iliyosongamana simu huyumba, mimi imewahi kunisogeza hadi ng'ambo ya mfereji. Tafuta mwanya unaoona anga, subiri dakika 2 au 3 mpaka namba zitulie, ndipo uandike. Kisha ziingize kwenye ramani ya simu, uone kama unaona bati la nyumba yako.

Kuna wasiwasi mwingine ninaoulizwa sana: je, miti ya kivuli itatuponza? Kwa tafsiri ya sheria hiyo, msitu ni eneo linalozidi nusu hekta, lenye miti ya zaidi ya mita 5 na matawi yanayofunika zaidi ya asilimia 10 ya ardhi. Kihamba chenye mringaringa na migrevilea juu ya kahawa kinaweza kuonekana hivyo kutoka angani. Lakini sheria hiyohiyo inasema ardhi inayotumika hasa kwa kilimo si msitu, na kilimo mseto na miti kimetajwa humo. Hata ramani ya misitu ya mwaka 2020 iliyotolewa na kituo cha utafiti cha Umoja wa Ulaya si hukumu. Hukosea, na mkulima ana haki ya kuleta ushahidi. Msikate miti ya kivuli kwa hofu. Tafuteni stakabadhi za zamani za kuuzia kahawa. Mche wa kahawa huchukua miaka kama 3 kabla ya kuzaa, kwa hiyo stakabadhi ya msimu wa 2019 inaonyesha kahawa ilikuwapo shambani muda mrefu kabla ya ile tarehe ya Desemba 2020.

Upande wa uhalali sitakaa sana. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inatambua umiliki wa kimila, na mwenye hati ya hakimiliki ya kimila ana ushahidi mzuri zaidi. Tatizo letu ni daftari la chama kubeba majina ya marehemu. Kama kihamba kimegawanywa kwa watoto 3, daftari liseme hivyo. Maji ya kumenyea buni yasirudishwe mtoni. Na mtoto aliye chini ya miaka 14 haajiriwi kuchuma, sheria yetu wenyewe imekataza kabla Ulaya haijasema.

Jambo kubwa lililobaki ni kuchanganya. Sheria haikubali kahawa inayojulikana ilikotoka ichanganywe na isiyojulikana. Debe moja la mlanguzi likimwagwa kwenye shehena ya chama, shehena nzima inapoteza sifa. Kwa hiyo ukimwuzia jirani jina lako ili apitishe kahawa yake, unahatarisha malipo ya wanachama wote. Na mnunuzi ana njia ya kugundua: analinganisha ukubwa wa shamba lako na kilo ulizopeleka. Ekari 1 ikitoa mavuno ya ekari 5, mtaulizwa.

Mei 2025 Tume ya Ulaya iliiweka Tanzania, pamoja na Uganda, katika kundi la hatari ya wastani. Kenya imewekwa kundi la hatari ndogo. Maana yake waagizaji wa kahawa yetu watakaguliwa zaidi: asilimia 3 kwa mwaka dhidi ya asilimia 1 kwa waagizaji wa kahawa ya Kenya. Hata hivyo namba za shamba zinatakiwa kwa wote.

Mwisho, hakuna cheti cha EUDR. Umoja wa Ulaya hautoi cheti hicho kwa mkulima, na hakuna ada unayodaiwa kuulipa. Akija mtu kijijini na kitambulisho shingoni akidai malipo ya kukuandikisha Ulaya, mpelekeni ofisi ya kijiji. Akija mnunuzi au bwana shamba kuchukua namba bure, mpokeeni, lakini msimwache aondoke nazo peke yake. Daini nakala, chama kibaki na moja, na yako iweke kwenye bahasha ileile ya stakabadhi za kahawa.