Daktari wa Kukupunguza Tumbo: Muulize Nani, Umuulize Nini

Siku hizi msako wa daktari wa kupunguza uzito huanzia kwenye simu. Unaona picha mbili zimepangwa ubavu kwa ubavu: kushoto dada mnene aliyenuna, kulia dada yuleyule kiuno kimeingia na meno yote nje. Chini yake kuna namba ya WhatsApp. Huenda picha ni za kweli kabisa. Kinachokosekana ni tarehe. Ile ya kulia ilipigwa lini?

Swali hilo lina uzito zaidi kuliko linavyoonekana, kwa sababu baada ya upasuaji wa kupunguza uzito karibu kila mtu hupungua. Kilo hushuka kwa kasi miezi ya mwanzo, na wengi hufikia uzito wao wa chini kabisa kati ya mwaka mmoja na miwili. Mtu wa mwezi wa tatu atamsifu daktari wake mpaka umwonee wivu, na hatakuwa anadanganya. Yumo ndani ya fungate. Wewe mtafute aliyekatwa miaka mitatu, minne au mitano iliyopita. Huyo ameshajua kama kilo zimerudi, kama kiungulia kinamkesha, kama nywele zilizonyonyoka zimeota tena, na kama daktari bado anapokea simu yake.

Ukimpata, usimuulize "daktari wako ni mzuri?" Atakujibu ndiyo, kama anavyojibu kila mtu aliyelipa fedha nyingi. Muulize alipopata shida alimpigia nani, na alijibiwa baada ya muda gani. Muulize nani anampima damu sasa hivi na mara ya mwisho ilikuwa lini. Muulize kama daktari aliwahi kumkatalia jambo: kumwambia asubiri, aache sigara kwanza, apunguze sukari kwanza. Daktari asiyemkatalia mtu kitu ni mfanyabiashara mzuri, na hapo ndipo sifa yake inapoishia.

Wagonjwa wa namna hiyo hawapatikani kwenye matangazo. Nenda hospitalini siku ya kliniki ya waliokwisha kufanyiwa upasuaji, ukae kwenye benchi. Watu waliokaa foleni pamoja saa mbili huongea. Kama hospitali haina siku ya kliniki hiyo kabisa, umeshapata jibu lako bila kuuliza. Unaweza pia kumwomba daktari akutafutie mgonjwa aliyepata matatizo, si aliyenyooka tu. Utaratibu wa kiungwana ni yeye kuomba idhini ya mgonjwa kwanza, kisha mgonjwa akupigie akipenda. Daktari anayefungua simu yake na kukuonyesha matumbo ya watu pamoja na majina yao, kesho atamwonyesha mwingine la kwako.

Lakini kabla ya kumchagua daktari, hakikisha upasuaji wenyewe unakuhusu. Kipimo kinachotumika ni BMI: kilo zako ukizigawanya kwa urefu wako wa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Mwenye kilo 95 na urefu wa mita 1.60 ana BMI ya 37. Mwongozo wa Marekani wa 1991 ulitaka BMI ya 40, au 35 kwa mwenye ugonjwa unaotokana na unene. Mwaka 2022 vyama vya madaktari wa fani hii viliulegeza: 35 inatosha hata bila ugonjwa, na kuanzia 30 inaweza kufikiriwa kwa mwenye kisukari au maradhi ya jamii hiyo. Ukiwa na BMI ya 27, huna ugonjwa wowote, na mtu anakupangia tarehe ya kukatwa, chukua mkoba wako uondoke. Na usichanganye upasuaji huu na kunyonya mafuta. Kunyonya mafuta ni urembo. Hakugusi njaa, wala hakutibu kisukari.

Aina unazopaswa kuzijua si nyingi. Sliivu hukata na kutoa karibu robo tatu ya mfuko wa chakula au zaidi, unabaki mfano wa bomba jembamba; kilichotolewa hakirudishwi. Baipasi hutenga kifuko kidogo juu ya mfuko wa chakula na kukiunganisha na utumbo mbele zaidi, hivyo chakula huruka sehemu ya njia yake. Puto si upasuaji: huingizwa kwa kupitia mdomoni, aghalabu hukaa miezi sita, kisha hutolewa, na mtu asipokuwa amebadili ulaji wake kilo hurudi nalo likiondoka. Kwetu puto limevuma sana, hasa Dar es Salaam tangu Hospitali ya Mloganzila ianze kuliweka, na wengi hudhani ni sliivu ya bei nafuu. Sivyo.

Hapa ndipo pa kumpima daktari. Mwambie: kwa nini hii kwangu, na si ile? Sikiliza kama jibu lake linakuhusu wewe. Mwenye kiungulia kikali, kwa mfano, anaweza kuzidiwa baada ya sliivu, na mara nyingi baipasi humfaa zaidi. Kwa hiyo daktari makini atataka kukuingiza kamera tumboni kabla ya kuamua. Mwenye kisukari cha miaka mingi naye ana hesabu yake. Daktari anayejua aina moja tu ataiona inamfaa kila anayeingia mlangoni. Hilo si kosa la jinai, ila ni sababu ya kutafuta wa pili wa kumsikiliza.

Kisha muulize idadi. Usiulize amekuwa daktari kwa miaka mingapi. Uliza amefanya ngapi za aina hii hii, yeye mwenyewe akishika vifaa, na ngapi kati ya hizo ni za mwaka jana. Mwaka 2013 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha utafiti wa jimbo la Michigan, Marekani, ambao naona kila mgonjwa angepaswa kuujua. Madaktari 20 wa fani hii walijirekodi wakifanya baipasi kwa matundu madogo, na wenzao wakapewa video hizo wazipe alama bila kuambiwa ni za nani. Waliopata alama za juu, wagonjwa wao waliopata matatizo walikuwa takriban 5 katika kila 100. Walioshika mkia, zaidi ya 14. Vyeti vilikuwa vilevile. Mikono ndiyo ilitofautiana. Na mahiri walikuwa pia ndio wanaopasua wagonjwa wengi zaidi kwa mwaka.

Wewe huwezi kutazama video ukatoa alama, lakini idadi unaweza kuiuliza. Marekani, kituo kinachotaka ithibati kamili ya kazi hii hutakiwa kufanya angalau upasuaji 50 kwa mwaka, na kuna utafiti uliokadiria kwamba daktari hufikia upasuaji 100 wa baipasi kabla mkono wake haujatulia. Afrika Mashariki fani hii bado ni changa na si wengi wanaofika huko haraka. Sisemi uwadharau. Uliza hivi: alijifunzia wapi, nani alisimama naye mara za kwanza, na leo nani husimama naye akikwama? Hospitali zetu kadhaa hualika bingwa kutoka India au kwingineko aje kwa siku chache, apasue wagonjwa mfululizo, aondoke. Si jambo baya, ni njia halali ya kufundishana. Ila swali lako liwe wazi: akishapanda ndege, usiku wa tatu nikishikwa na homa, anakuja nani?

Usajili ni kazi ya dakika chache na hakuna sababu ya kuiruka. Kenya, Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno, KMPDC, lina orodha ya wazi mtandaoni. Tanzania Bara kuna Baraza la Madaktari Tanganyika, na Zanzibar wana baraza lao. Hakikisha jina si limo tu, bali limeandikwa kama la bingwa wa upasuaji. Wengi katika ukanda huu wamepitia COSECSA, chuo cha madaktari wa upasuaji chenye makao yake Arusha, na kumuuliza mtu kama naye alipitia huko si utovu wa adabu.

Sasa jambo ambalo wagonjwa wengi hulikwepa kwa kuogopa mkosi: kuvuja. Mfuko wa chakula hukatwa na kubanwa kwa pini ndogondogo, na katika sliivu mmoja au wawili hivi kati ya 100 huvuja kwenye mshono. Uchafu ukimwagika tumboni, saa huhesabiwa. Dalili zinaweza kuanza kimyakimya: moyo kwenda mbio zaidi ya mapigo 120 kwa dakika, homa, pumzi kukata, maumivu yanayopanda bega la kushoto. Damu kuganda mguuni na kupanda mapafuni ni hatari nyingine kubwa. Kwa hiyo unapochagua daktari unachagua na jengo. Je, pana ICU, chumba cha wagonjwa mahututi, humohumo, au mgonjwa hupakiwa kwenye gari? Daktari wa usingizi ana uzoefu na watu wazito, wenye kukoroma na kukatika pumzi usiku? CT-Scan hufanya kazi Jumapili? Damu ipo? Mwambie daktari bila kuzunguka: mgonjwa wako wa mwisho aliyevuja, ulimfanyaje? Anayesema hajawahi kupata tatizo hata moja, ama amepasua wachache mno, ama hahesabu. Mimi ningemwamini zaidi anayekunja uso kidogo, akanyamaza, halafu akaeleza.

Wanaofikiria India au Uturuki wana kazi ya ziada. Kati yako na daktari kuna wakala, na wakala mara nyingi hulipwa na hospitali kwa kila kichwa anachopeleka. Anaweza kuwa mtu mwema na bado asiwe wa kukushauri. Usilipe hata shilingi kabla hujaongea kwa video na daktari mwenyewe atakayekupasua, kwa jina, si "timu yetu". Serikali ya Uingereza imekuwa ikiwatahadharisha raia wake kuhusu wenzao waliofariki baada ya matibabu Uturuki, na Waingereza wanaporudi na matatizo huangukia hospitali za umma za kwao. Wa kwetu wataangukia wapi? Tafuta daktari wa nyumbani kabla ya safari, akubali kwa kauli yake kwamba atakupokea. Ukirudi, beba ripoti ya upasuaji yenyewe kwa Kiingereza: aina, vipimo, kilichounganishwa na wapi. Barua ya kukuruhusu kutoka wodini pekee haitoshi. Uliza pia ukae siku ngapi kabla ya kupanda ndege, na sindano za kuzuia damu kuganda ni za siku ngapi. Kifurushi kinachokurudisha uwanja wa ndege mshono haujakauka kimepangwa na mhasibu.

Baada ya kisu kuna maisha, na hapa daktari mzuri hujulikana kwa watu aliowazunguka. Vitamini B12, madini ya chuma, kalsiamu na vitamini D huwa za kudumu, na damu hupimwa kila mwaka. Baada ya baipasi, diklofenaki na ibuprofeni, hizo tunazonunua duka la dawa kama pipi, zinaweza kukutia kidonda pale utumbo ulipounganishwa. Mwanamke atashauriwa asubiri mwaka mmoja hadi mwaka na nusu kabla ya kushika mimba. Naye aambiwe wazi kwamba uzazi mara nyingi hufunguka kilo zikishuka, na kwamba vidonge vya uzazi wa mpango huenda visitegemewe baada ya baipasi. Wako waliofuata kilo wakarudi na mimba wasiyoipanga.

Mtaalamu wa lishe naye umpime. Akikupa karatasi yenye vyakula vya duka la Ulaya, mrudishie. Unahitaji mtu atakayekueleza utapataje gramu 60 hivi za protini kwa siku kwa samaki, mayai, dagaa, maharage na maziwa ya mtindi, na ugali uwekwe wapi. Muulize kuhusu Ramadhani pia. Miezi ya mwanzo mgonjwa hunywa maji kwa mafunda mchana kutwa, na tumbo dogo haliwezi kuyafidia usiku, kwa hiyo tarehe ya upasuaji na mwezi wa kufunga vinapaswa kupangwa pamoja. Daktari aliyezoea wagonjwa wa pwani atalitaja kabla hujalitaja.

Kuhusu fedha nitasema machache. Usilinganishe bei mbili mpaka ujue ndani yake mna nini: siku za ICU, kurudishwa chumba cha upasuaji ukivuja, vipimo vya mwaka wa kwanza. Bima ikisema inalipa, itoe kauli hiyo kwa maandishi.

Nenda na mtu: mume, dada, shangazi asiyeona haya kuuliza. Andika majibu. Umsikilize angalau daktari wa pili, na wa kwanza asiponuna ukimwambia hivyo, mhesabie heri. Upasuaji huu si wa dharura. Unaweza kusubiri mwezi, hata mwaka, majibu yakamilike. Anayekuambia punguzo linaisha Ijumaa, mwache na Ijumaa yake.