Haku Amwite Zabuza Nani?

Wadogo zangu, kuna siri mnaniletea kwa kunong'ona kana kwamba mmeiba. "Dada, usinicheke, lakini mimi huwa natunga hadithi za Naruto." Mwingine anatunga za Fullmetal Alchemist, na kaunta buku amelificha chini ya godoro mama asilione. Sicheki hata kidogo. Nami natunga, tangu nikiwa sekondari hadi leo nina kazi na nyumba yangu, na sijawahi kulipwa hata senti. Kaeni tuongee, maana wengi wenu naona mnaacha kabla hamjafika kwenye utamu wenyewe.

Ondoeni kwanza hofu kwamba kutungia wahusika wa mtu mwingine ni uvivu au wizi. Nani kati yetu hajasimuliwa visa vya Abunuwasi? Yule alikuwa mshairi wa kweli wa Baghdad, zama za Harun al-Rashid. Pwani ikampokea, ikamtungia visa vipya, kila bibi akaongeza chake. Na huko Japani kwenyewe kunakotoka Naruto na anime nyingine, mashabiki walikusanyika Tokyo Desemba 1975, vikundi 32 na watu kama 700, wengi wao wasichana wa shule, wakabadilishana na kuuziana vijarida walivyotengeneza wenyewe. Wajapani huviita dojinshi. Gulio lile linaitwa Comiket, nalo linaendelea hadi leo. Wale wanawake wa CLAMP waliotupa Cardcaptor Sakura walianzia kwenye vijarida vya namna hiyo hiyo. Hakimiliki ipo, na kule wenye kazi wengi huvifumbia macho. Nyinyi msiuze, na juu kabisa ya ukurasa andikeni wahusika ni wa nani.

Hayo ni ya kuwatoa hofu. Ninalotaka hasa kuwaambia nililijua kwa kukosea.

Hadithi yangu ya kwanza nilimwingiza msichana mgeni pale Konoha, kijiji cha Naruto. Jina zuri, macho ya zambarau, siku ya kwanza tu amemshinda Sasuke, mwenzake Naruto, na mwalimu wao Kakashi amebaki kinywa wazi. Nilijaza daftari zima. Nikampa mdogo wangu wa kiume asome, maana yeye Naruto aliijua kipindi kwa kipindi. Akasoma kurasa nne, akalifunga taratibu, akasema, "Dada, Sasuke huyu anaongea kama wewe." Hakusema kwa ubaya. Niliumia siku mbili. Siku ya tatu nikalifungua, nikasoma kwa sauti, nikaona ni kweli: Sasuke, Sakura, hata Hokage wa Tatu, mkuu wa kijiji, wote walikuwa mimi. Watunzi wenzetu wana jina la msichana yule. Wanamwita Mary Sue, tangu 1973, pale Paula Smith, shabiki wa Star Trek, alipotunga kisa kifupi cha kumdhihaki. Mkimkuta kwenye madaftari yenu msimchome moto. Yeye ndiye aliyewashikisha kalamu. Mwacheni na daftari lake, mkanunue jingine.

Daftari la pili nilijiwekea sharti: nitafute mahali ambapo Masashi Kishimoto, mtunzi wa Naruto, amepita haraka, mimi nikae hapo. Mnaikumbuka Nchi ya Mawimbi. Zabuza, ninja wa kukodiwa, amejeruhiwa, yuko kitandani. Haku, kijana anayemhudumia, anakwenda msituni kuchuma majani ya dawa, anamkuta Naruto amelala chini kwa uchovu wa mazoezi. Angeweza kumuua palepale. Badala yake anamwamsha, wanachuma majani pamoja, anamuuliza kama ana mtu aliye wa thamani kwake. Baadaye watakutana darajani, na Haku atakufa kwa kujiweka mbele ya pigo la Kakashi lililokuwa la Zabuza. Mimi nilitaka jioni ile tu, Haku anaporudi na kikapu chake. Je, atamwambia Zabuza amemkuta nani?

Ukurasa mmoja na nusu. Ulinichukua wiki tatu, na karibu wiki mbili zote nilikwama kwenye neno moja: Haku amwite Zabuza nani?

Kwa Kijapani anamwita Zabuza-san. Maandishi ya Kiingereza tunayoyasoma chini ya picha mara nyingi huiacha ile "san", linabaki jina tupu. Nikaandika, "Zabuza, dawa tayari." Nikaona ni utovu wa adabu, hawezi kumwambia hivyo mtu aliyemwokota kwenye theluji. "Bwana Zabuza" ikanukia ofisini. "Kaka" ikawafanya vijana wa mtaa mmoja. Usiku mmoja nikaandika "Baba", nikalia, nikajua nimemaliza. Asubuhi nikaifuta. Haku amejiita mwenyewe chombo cha Zabuza, silaha ya mkononi mwake, na neno "baba" ndilo wawili wale hawakuthubutu kulisogelea. Mimi nimelitoa bure mstari wa tatu! Mwishowe nikaweka "bwana" peke yake, bila jina, bwana ile ya zamani ya mtumishi kwa mwenye amri juu yake. "Bwana, dawa imepoa." Zabuza anakunywa, anauliza mbona amechelewa. Haku anajibu kwamba majani yalikuwa haba. Ni mara yake ya kwanza kumdanganya, na hadithi yangu inaishia hapo.

Mdogo wangu aliposoma hakusema neno. Aliurudia tena ukurasa ule.

Ndiyo maana nawasihi mjaribu kutunga kwa Kiswahili, hata kama wasomaji wengi mnawapata kwa Kiingereza. Watu wa anime wanaitana kama tunavyoitana sisi. Iruka-sensei ni mwalimu Iruka, huhitaji kuhangaika. Konohamaru anamwita Naruto nii-chan, nawe unaandika "kaka Naruto" na mtoto anasimama mbele yako amevaa ile skafu yake ndefu. Naruto anamwita Tsunade baa-chan, yaani bibi, naye ni Hokage, tena mwanamke anayetumia uwezo wake asionekane mzee. Msomaji wa Kiswahili haelezwi kwa nini anakasirika. Palipo pagumu ni ile "dattebayo" ambayo Naruto anaibandika mwisho wa sentensi, kwa kuwa haina maana moja ya kushika. Mimi hutumia "nakwambia", tena si kila mara. Tazameni kipindi kimoja mkiwa mmefunga macho, msikilize tu nani anakatiza wenzake, nani ananyamaza kabla ya kujibu, nani hamwiti mtu kwa jina. Hata asiyejua Kijapani anayasikia hayo.

Ila lugha ikiwa yetu, nchi ibaki yao. Katika rasimu ya kwanza Haku alichuma mwarobaini, nami sikushtuka hadi nilipokumbuka ile theluji. Ramen iachwe iwe ramen.

Na msianze na sura mia moja. Manga ya Naruto ina sura 700, na Kishimoto alizitoa kuanzia 1999 hadi 2014. Nyinyi chukueni jioni moja, watu wawili, jambo moja ambalo mmoja wao halisemi.

Wewe uliyeniuliza kama kuna haja ya kuandika kisa cha mwalimu Iruka, siku Naruto anapoondoka kijijini na Jiraiya kwa miaka miwili na nusu: kiandike, nakisubiri. Lakini kabla ya mstari wa kwanza nataka unijibu. Jioni ile Iruka atapita Ichiraku, kibanda cha ramen, atakaa peke yake pale walipozoea kukaa wawili. Mzee Teuchi, mwenye kibanda, atamsogezea bakuli. Atamuuliza nini?