Wale ni Sisi: Somo Juu ya Wageni wa Angani

Jioni moja muhula huu tulikuwa tumeketi nje ya bweni tukitazama taa za ndege iliyoruka kutoka uwanja wa Kipawa. Mwenzetu mmoja mdogo akaniuliza, "Kaka, huko juu kwenye nyota kuna watu?" Nilimjibu kwamba wataalamu wanatafuta, na mpaka leo hawajawaona. Lakini katika vitabu vya Kiswahili watu hao wamo. Yafaa tuvitazame vitabu viwili vya namna hiyo, tujue wageni hao ni akina nani.

Cha kwanza ni Kusadikika cha Shaaban Robert, kilichotolewa mwaka 1951. Kusadikika ni nchi iliyo angani. Msomaji asitafute humo roketi wala mitambo, havimo. Wajumbe sita walitumwa, kila mmoja upande wake: mashariki, magharibi, kaskazini, kusini, mbinguni na hata ardhini, wakatafute mambo mema ya kuigwa. Angalieni ajabu yake: kwa watu wa Kusadikika, sisi wa ardhini ndio wageni! Wajumbe wale walirudi na habari njema, na malipo yao yakawa kifungo. Baadaye kijana Karama alishtakiwa na waziri Majivuno kwa sababu ya kufundisha elimu ya sheria. Alijitetea kwa kusimulia habari za wajumbe wale, hata yeye akaachiliwa na wao wakafunguliwa.

Kwa nini nchi ile iliwekwa angani? Shaaban Robert alikuwa karani katika serikali ya Waingereza. Isingekuwa rahisi kwake kuandika waziwazi kwamba mtawaliwa huadhibiwa kwa kutaka haki. Basi akaifunika nchi yake kwa mawingu. Kitabu kile kilikuwa bado kipya Julius Nyerere alipokuwa mwalimu hapa Pugu, wakati shule hii ilikuwa ya misheni. Mwaka 1955 alijiuzulu ualimu akaendelea na kazi ya TANU. Yaliyosemwa kwa fumbo kitabuni, yeye aliyasema mikutanoni.

Kitabu cha pili ni Walenisi cha Katama Mkangi wa Kenya, kilichotolewa mwaka 1995. Mwandishi huyu alikuwa mwalimu wa chuo kikuu, na mwaka 1986 aliwekwa kizuizini bila ya kuhukumiwa. Katika hadithi yake, Dzombo anahukumiwa kufa, naye anatiwa katika chombo cha kurushwa angani. Badala ya kufa anafika sayari iitwayo Walenisi, ambako watu hawanyonyani. Mwenyeji wake, Fikirini, anamfundisha mambo ya huko. Sasa litamkeni jina la sayari hiyo polepole: wale-ni-sisi. Watu aliodhani ni wa mbali ni sisi wenyewe, kama tungeishi kwa haki.

Kwa hiyo, msomapo hadithi za namna hii, fanyeni mambo matatu. Kwanza, yachunguzeni majina, kwa kuwa mara nyingi ufunguo umefichwa humo. Pili, tazameni mgeni anashangaa nini, maana mwenyeji huyazoea mambo hata asiyaone. Tatu, ulizeni mwandishi alikuwa na sababu gani ya kuficha. Atakayeyafanya hayo hatasema tena kwamba hadithi za sayari ni za kupoteza wakati.

Nami nina deni la kukiri. Katika shule niliyosoma kabla ya kuja hapa, alihamia mtoto kutoka mbali. Kiswahili chake kilikuwa na lafudhi tusiyoizoea, na chakula chetu kilimshinda. Mimi ndiye niliyembandika jina la "Mtu wa Mwezini," na darasa zima likalishika. Aliketi peke yake muhula mzima, kisha akahama. Sikumwuliza hata kwao ni wapi, wala njiani aliona nini. Alikuwa kama wale wajumbe sita, amekuja na habari za upande wake, nasi tukamfunga kwa kicheko. Niliposoma Walenisi mwaka huu, nilipofika kwenye maana ya jina lile nilifunga kitabu kwanza, kwa kuwa nilimkumbuka yeye.

Muhula ujao watakuja wenzetu wapya kutoka mikoa mingi. Mgeni njoo, mwenyeji apone, walisema wazee wetu. Basi wazazi, walimu na wanafunzi wenzangu, vitafuteni vitabu hivi mvisome. Nasi tulio wenyeji hapa, mgeni akifika bwenini na sanduku lake, tumpokee mzigo, kisha tumwulize habari za alikotoka, na tukae kumsikiliza.