KUCHAGUA MUNGANGA WA KUAMINIWA KWA MBWA WA NYUMBA YAKO
Somo kwa mama wa kiliniki

Mama, katika kiliniki hii tunapima kilo za mtoto wako, tunamchanja, tunakufundisha juu ya chakula na maji safi. Leo tutasema juu ya mbwa. Labda utauliza: "Mbwa ana kazi gani katika kiliniki ya watoto?" Sikia vizuri. Mbwa analala karibu na mlango wako. Watoto wanacheza naye, wanamvuta mkia, na yeye anaramba mikono yao. Mbwa akiwa mzima, ni rafiki na mlinzi wa nyumba. Lakini mbwa akipata kichaa, mara nyingi ni mtoto anayeumwa.

KICHAA CHA MBWA NI NINI?

Ni ugonjwa ambao wengine wanauita raji. Unaletwa na kijidudu kidogo sana, virusi, kinachokaa katika mate ya mbwa mgonjwa. Mbwa huyo akiuma mtu, au akiramba kidonda, kijidudu kinaingia mwilini. Kinafuata mishipa ya fahamu polepole mpaka kifike kwenye ubongo. Mara nyingi safari hiyo inachukua miezi 2 au 3. Inaweza tena kuwa juma moja tu, ao mwaka mzima.

Kijidudu kikiisha kufika kwenye ubongo, mtu anaanza kusumbuka, anashindwa kumeza, anaogopa maji. Wakati huo hatuna tena dawa ya kumponya. Karibu wote wanakufa. Katika dunia nzima, inahesabiwa kwamba watu karibu 59 000 wanakufa kila mwaka kwa ugonjwa huu, zaidi sana katika Afrika na Asia. Karibu wote waliupata kwa mbwa. Na kati ya watu 10 wanaoumwa na nyama anayezaniwa kuwa na kichaa, 4 ni watoto wasiofika miaka 15.

Lakini habari njema iko. Ugonjwa huu unazuiwa kwa chanjo ya mbwa. Kama katika mtaa mbwa 70 kwa 100 wamechanjwa, ugonjwa unakosa njia ya kupita.

KWA NINI KUCHAGUA MUNGANGA?

Chanjo inafanya kazi kama imetunzwa vizuri na imepigwa na mtu anayejua kazi yake. Chanjo iliyoharibika ni kama maji tu. Tena ni hatari kuliko kukosa chanjo. Kwa nini? Tuseme kuna mama wawili.

Mama wa kwanza hakuchanja mbwa wake. Anajua mbwa hana kinga. Siku mbwa anauma mtoto, mama anashituka na kukimbia hospitali.

Mama wa pili alilipa mtu aliyepita na mfuko wa dawa, akapiga mbwa shindano. Siku mbwa anauma mtoto, mama anasema: "Hakuna shida, huyu alichanjwa." Anafunga kidonda na kitambaa, anaendelea na kazi yake. Kumbe dawa ile ilikufa kwa jua siku nyingi. Mama huyu hakukosa mapendo kwa mtoto wake, hakukosa hata feza. Alikosa kumjua munganga.

UMTAFUTE WAPI?

Munganga wa nyama anaitwa veterinere. Katika Kongo, wengine wamesoma kwenye université, kama vile Lubumbashi na Butembo. Wengine ni wasaidizi waliofundishwa kazi ya kutunza nyama. Ofisi ya serikali ya kilimo na ufugaji inapaswa kuwajua. Uende pale na kuuliza: "Nani ana ruhusa ya kuchanja mbwa hapa kwetu?" Uulize tena watu wanaofuga ngombe. Ngombe ni mali kubwa, na wafugaji hawaachi kila mtu aguse mali yao.

Usimwombe infirmie wa dispansari yako achanje mbwa kwa siri. Yeye anajua watu. Mbwa ana chanjo yake na munganga wake.

MAMBO SABA YA KUANGALIA

Usiogope, mama. Usizani kwamba hujui kitu. Kila mwezi unaona namna tunavyochanja mtoto wako. Uangalie munganga wa mbwa kwa macho yaleyale.

1. Baridi. Umeona infirmie anatoa chanjo ya mtoto katika sanduku la baridi. Chanjo ya mbwa ni vilevile: inapaswa kukaa katika baridi ya digri 2 mpaka 8, tangu siku ilipotengenezwa mpaka siku ya kupigwa. Jua linaiharibu. Kugandishwa kama barafu kunaiharibu pia. Uliza: "Munganga, dawa inakaa wapi? Umeme ukikatika, unafanya namna gani?" Mtu mwema atakuonyesha frigo yake ao sanduku lake la baridi. Mtu anayetoa chupa katika mfuko wa shati, umwache.

2. Chupa. Uombe kuiona. Iwe na karatasi yenye jina la dawa na tarehe ya mwisho. Kama tarehe imepita, ao karatasi imebanduliwa, ukatae. Chupa ya dawa ya mbwa wengi ikifunguliwa, inapaswa kuisha siku ileile. Dawa iliyobaki jana isipigwe kwa mbwa wako leo.

3. Shindano. Kila mbwa apate shindano lake jipya. Shindano moja likipita kwa mbwa kumi, linaweza kupeleka ugonjwa wa mmoja kwa wengine.

4. Kupima kwanza. Munganga mwema hapigi shindano palepale. Anauliza: mbwa ana miezi mingapi? Anakula? Anahara? Aliuma mtu siku hizi? Anamshika, anaangalia macho, kinywa na ngozi. Akimwona mgonjwa, atasema: "Mama, tungoje apone kwanza." Anayekuambia kungoja anakosa feza ya siku hiyo. Hii ni alama nzuri ya uaminifu.

5. Karti. Mtoto wako ana fishi yake. Mbwa naye apate karti: tarehe, jina la chanjo, namba ya chupa, jina la munganga na sahihi yake, na siku ya kurudi. Mara nyingi mbwa mdogo anachanjwa akiwa na miezi 3, anarudiliwa nyuma ya mwaka mmoja, kisha wakati munganga anaouandika kufuatana na dawa. Weka karti pamoja na fishi za watoto.

6. Bei. Munganga wa kuaminiwa anasema bei mbele ya kuanza. Haongezi katikati ya kazi. Anaeleza: hii ni ya chanjo, hii ni ya dawa ya minyoo. Ukisema, "Sina feza ya vyote," anakuonyesha kitu gani ni cha lazima leo na kitu gani kinaweza kungoja.

7. Kinywa chake. Anajibu maulizo yako bila kukuzarau. Hasemi kwamba anaponya kila ugonjwa. Asipojua, anakuambia kwamba hajui na kukutuma kwa mwingine.

Uangalie tena dawa anazotoa. Nyama si mtu mdogo. Parasetamoli, ambayo sisi tunakunywa kwa homa, inaweza kuua paka, hata kidonge kimoja. Kwa mbwa pia ni hatari. Anayegawa vidonge vya watu kwa paka bila kufikiri hajui kazi hii.

KAMA BEI NI KUBWA

Mama wengi wanasema: "Sina feza hata ya kalamu za watoto, nitaipata ya mbwa wapi?" Tunaelewa. Fanyeni hivi. Chupa nyingi zinatosha mbwa 10. Mama wa mtaa mmoja wahesabu mbwa wao, wapatane siku moja, na kumwita veterinere. Chupa inaisha siku ile, safari yake inagawanywa, na mara nyingi bei inashuka. Tena mtaa wote unapata kinga pamoja. Maana mbwa wako akichanjwa peke yake, na mbwa wa jirani akaachwa, hatari ingali mlangoni.

Uulize pia juu ya siku ya 28 Septemba. Siku hiyo ni ya dunia nzima kwa kupigana na kichaa cha mbwa. Pahali pengine wanachanja mbwa bure ao kwa bei ndogo karibu na siku hiyo.

MBWA AKIMUUMA MTOTO

Hata kama mbwa ana karti nzuri, fanya mambo haya:

Osha kidonda palepale kwa maji mengi na sabuni, dakika 15. Ni wakati mrefu, usiache upesi. Maji na sabuni vinaua na kuondoa virusi vingi.

Usiweke jiwe nyeusi, wala majani, wala mafuta ya gari. Usikaze kidonda na kitambaa.

Leta mtoto hospitali siku ileile, hata kidonda kikiwa kidogo. Leta na karti ya mbwa. Tutaangalia kama anapaswa kupata chanjo. Inapigwa kwa siku mbalimbali, na kila siku ina maana. Usiache katikati kwa sababu mtoto anaonekana mzima. Kama kidonda kimetoa damu, anaweza kuhitaji dawa nyingine inayotiwa ndani ya kidonda chenyewe.

Kama inawezekana bila hatari, mbwa afungwe na aangaliwe siku 10. Akigonjwa, akifa ao akipotea, utuambie upesi. Lakini usingoje siku 10 ziishe ndipo ulete mtoto. Mtoto aje kwanza.

Mwaka 1885, mama mmoja alitoka Alsace na mtoto wake Joseph Meister wa miaka 9, aliyeumwa vibaya na mbwa. Alimpeleka Paris kwa mtu wa elimu, Louis Pasteur. Mtoto alipigwa shindano nyingi kwa siku kama 10. Hakupata ugonjwa, akaishi mpaka kuwa mtu mzima. Mama yule hakukaa nyumbani akingoja kuona. Wewe pia, usingoje.

MAULIZO YA KUJIBU PAMOJA

1. Kwa nini chanjo iliyoharibika ni hatari kuliko kukosa chanjo?
2. Mtu anakuja mlangoni na kusema: "Mama, leta mbwa, nipige shindano mbio mbio, bei ni kidogo." Utamuuliza maulizo gani?
3. Karti ya mbwa inapaswa kuandikwa nini?
4. Katika mtaa wenu kuna mbwa wangapi? Wangapi wana karti? Nani kati yenu ataenda kuuliza kwenye ofisi ya ufugaji, na siku gani?
5. Onyesheni kwa saa: dakika 15 za kuosha kidonda ni wakati gani?