SOMO: Geji Kwanza, Kipoza-Oili Baadaye

Somo la toleo hili linahusu magari. Huenda wengine mtashangaa kuona jarida la miradi likizungumzia oili ya injini. Lakini gari la mradi likisimama, mabomba hayafiki kijijini, na muuguzi wa kliniki ya mama na mtoto anakaa barabarani kusubiri lifti ya lori la mbao. Tena tangu injini ya pikapu ya mradi wa maji iliponoki ikiwa na mzigo, tumepokea barua kutoka kamati kadhaa zikiomba magari yote ya dayosisi yafungiwe kifaa cha kupozea oili, ambacho mafundi wetu hukiita "oili kula". Ni wazo jema. Hata hivyo si la kila gari, na tungependa tujifunze pamoja kabla fedha hazijatoka.

Oili hailainishi tu. Inabeba pia joto kutoka mahali ambapo maji ya rejeta hayafiki, yaani chini ya pistoni, kwenye beringi za krenkshafti, na kwenye tabo kwa magari yenye tabo. Joto hilo inalishusha kwenye sampu, kisha pampu inaisukuma tena juu. Oili ikipata moto kupita kiasi inakuwa nyepesi kama maji, utando wake kati ya chuma na chuma unakatika, na presha inashuka. Tena inazeeka upesi. Wataalamu wa vilainishi wana kanuni ya makadirio kwamba kila joto linapoongezeka kwa nyuzi 10, kasi ya oili kuharibika huongezeka karibu mara mbili. Oili iliyopikwa hivyo haifai tena hata ikipoa, ingawa kwenye kijiti cha kupimia itaonekana imejaa.

Sasa dereva atajuaje? Magari mengi yana geji ya joto la maji na taa nyekundu ya oili, basi. Geji ya maji haisemi habari za oili, kwa kuwa oili huchelewa kupata moto kuliko maji na inaweza kupanda sana wakati sindano ya maji imetulia katikati. Taa nyekundu nayo huwaka presha ikiwa imebaki kidogo mno, mara nyingi chini ya nusu bar. Ikiwaka mlimani injini ikiwa na mzigo, beringi zimekwisha kuumia. Dereva wa pikapu yetu alizima injini mara tu alipoiona. Ilikuwa imechelewa, na hakuna wa kumlaumu, maana gari halikuwa na kitu cha kumwonya mapema.

Wanaopita barabara kuu ya Morogoro kwenda Iringa wanaijua Kitonga. Ukitoka Ruaha Mbuyuni, ambako joto ni kali, unaanza kupanda kona kwa kona nyuma ya msururu wa malori. Gari liko gia ya chini, injini inazunguka kwa nguvu, lakini mwendo ni mdogo na upepo unaopita mbele ya gari ni haba. Mazingira kama hayo ndiyo yanayopika oili. Safari ndefu ya tambarare kwa mwendo wa kawaida haina shida hiyo, hata wakati wa jua.

Kwa sababu hiyo msimamo wa ofisi ya miradi ni kwamba gari lifungiwe geji kwanza, litembee mwezi mzima katika njia zake za kawaida, namba ziandikwe kwenye kitabu cha safari, na hapo ndipo kipoza-oili kijadiliwe. Geji zinazotakiwa ni mbili: ya joto la oili na ya presha ya oili. Joto la kati ya nyuzi 90 na 110 ni zuri. Kufika 120 kwa muda mfupi mlimani kunavumilika. Likikaribia 130 dereva apunguze mwendo, na lisiposhuka asimame pembeni, aiache injini iunguruma taratibu hadi sindano irudi. Presha hutofautiana kwa injini, lakini kipimo cha kuanzia wanachotumia mafundi wengi ni kama bar 0.7 kwa kila mizunguko 1,000 ya injini kwa dakika, oili ikiwa na moto. Lililo muhimu zaidi ni kujua kawaida ya gari lenu. Presha iliyokuwa bar 3 mwezi uliopita na leo ni 2, kwa mwendo uleule na joto lilelile, ni habari ya kupeleka gereji.

Tulifunga geji kwenye magari mawili. Pikapu, baada ya kuwekewa injini nyingine, ilionyesha karibu 100 kwenye tambarare, lakini Kitonga ikiwa na mabomba ilipita 125. Kabla ya kununua chochote tulimwomba fundi aoshe rejeta iliyojaa vumbi na mbegu za majani, na abadilishe klachi ya feni. Ikashuka kidogo tu. Hapo tukaridhika kwamba gari hilo linahitaji kipoza-oili.

La pili ni gari la huduma ya afya upande wa Njombe, linalofanya safari fupi fupi kati ya zahanati. Usharika mmoja ulikuwa umekusanya fedha kwa mnada wa mazao ili gari hilo nalo lifungwe kipoza-oili. Geji ikaonyesha kwamba mwezi wa Julai oili haikufika hata 85. Oili isiyopata moto wa kutosha haifukuzi mvuke wa maji unaoingia kwenye sampu kutokana na injini kufanya kazi. Mvuke huo unachanganyika nayo na kuwa tope jeupe kama maziwa chini ya kifuniko cha kujazia oili, na ndivyo tulivyolikuta. Kulifunga kipoza-oili kungelizidishia ugonjwa. Tena tulikuta fundi mmoja alikwisha kuondoa themostati ya maji "ili injini ipoe", desturi iliyoenea mno katika gereji zetu na ambayo nyanda za juu inaua injini polepole. Themostati ikarudishwa, oili ikabadilishwa. Haikuwa rahisi kuwaeleza wazee waliotoa kuku na mahindi yao kwamba kifaa walichokichangia hakitanunuliwa. Walikubali, si wote kwa furaha, fedha zinunue matairi.

Tuje kwenye ufungaji. Kwanza hakikisheni kama gari halina kipoza-oili tayari. Injini nyingi za dizeli zimetoka nacho kiwandani, kikiwa ndani ya injini na kupozwa na maji ya rejeta. Land Rover za 300Tdi zilitoka nacho kikiwa kimeunganishwa na rejeta. Kama hakipo, njia ya kawaida ni bamba linalokaa kati ya injini na filta ya oili, lenye njia mbili za mabomba ya mpira ya kwenda na kurudi. Nunueni bamba lenye themostati yake, inayofunguka oili ikifika kama nyuzi 80, ili asubuhi ya baridi oili isipelekwe kupozwa bure. Kwa maeneo yetu ya milimani hatutakubali bamba lisilo na themostati, hata likiwa nusu ya bei.

Kipoza-oili hukaa mbele ya rejeta, kimeshikwa kwa mipira ili mtikisiko usipasue viungio, na mbele yake wavu wa kuzuia mawe. Midomo yake ielekee juu au pembeni, la sivyo hewa itabaki ndani. Mabomba yawe ya kuhimili oili ya moto na presha. Bomba la maji ya rejeta, hata likikazwa kwa klipu nne, litalainika na kupasuka, na injini itamwaga oili yote kwa muda mfupi mno. Waendeeni mafundi wa haidroliki wanaobana vichwa vya mabomba kwa mashine. Bomba lisiguse egzosi wala mkanda wa feni, na linapopita kwenye bati liwekewe mpira.

Kwenye geji kuna mtego unaowakamata hata mafundi wazoefu. Sensa za presha huja na thredi za aina mbili zinazofanana kwa macho. Ya Kimarekani, NPT ya 1/8, ina meno 27 kwa inchi. Ya BSPT ya 1/8, iliyo kwenye magari mengi ya Kijapani, ina 28. Ukilazimisha moja ndani ya nyingine itaingia mizunguko michache kisha itavuja, au itapasua injini mahali pake. Fundi apime, asikisie. Pia sensa na geji viwe jozi moja, kwa sababu kuna za ohmu 10 hadi 180 na kuna za 240 hadi 33. Ukichanganya, sindano itasema uongo kwa uhakika kabisa. Thredi ya sensa ya waya mmoja isizungushiwe tepu nyeupe ya mafundi bomba, maana inapata athi kupitia thredi hiyo hiyo. Sensa ya joto ikae upande oili inapotoka kwenye injini. Ikiwekwa baada ya kipoza-oili itaonyesha namba za kufurahisha tu. Taa nyekundu ya kiwandani isiondolewe. Na geji ya presha iwe ya umeme. Zile za zamani huleta oili yenye moto kwa kibomba chembamba hadi dashibodi, na kikikatika inamwagikia miguu ya dereva.

Siku ya kuwasha, kipoza-oili na filta vijazwe oili kwanza. Fundi achomoe waya wa kufungulia dizeli, azungushe stata hadi geji ya presha inyanyuke, ndipo aurudishe na kuwasha. Injini iungurume dakika chache, akague kila kiungio, azime, asubiri, aongeze oili kwa kuwa mfumo sasa unachukua zaidi. Baada ya kilomita 50 akaze tena. Pikapu yetu leo inapanda Kitonga na mzigo uleule ikiwa karibu na 110.

Kuna ombi tumelikataa na tutaendelea kulikataa: kununua kipoza-oili kilichotumika kutoka gari lililokatwa. Kamati zinapenda kubana matumizi, nasi tunapenda hivyo. Lakini gari lililokatwa mara nyingi ni lile lililonoki, na vipande vya chuma vya beringi zake vimenasa katika njia nyembamba za kifaa hicho. Kukiosha kwa petroli hakutoshi. Vitatoka siku moja, na kuingia katika injini yenu mpya. Hata cha gari lenu wenyewe, kama injini yake ilinoki, kisirudishwe.

Kamati itakayotuma ombi iambatanishe nakala ya kurasa za kitabu cha safari za mwezi mzima, zikiwa na safu nne: mahali, mzigo, joto la oili, na presha. Dereva aandike akiwa amesimama, juu ya mlima, kabla ya kuzima injini.